Shangazi, wameniambia niko remisheni, sasa mbona dawa haziishi?

Toleo lililopita niligusia mara moja tu, katikati ya jibu la mambo mengine kabisa, kwamba mwenyewe nishaugua kansa ya damu, ile lukemia ya haraka wanayoiita ALL, na kwamba huu ni mwaka wa nne niko kwenye remisheni, yani ugonjwa hauonekani kwenye vipimo. Nikadhani imepita hivo hivo. Weee! Barua zimekuja mpaka mhariri kaniuliza umeandika nini wewe. Kwa hiyo leo habari za wakwe na wachumba zisubiri, tunaongea damu tu. Niseme mapema, mi sio daktari, nilikuwa mgonjwa, na hizo ni shule mbili tofauti. Yanayohusu dawa nimeyaeleza kama nilivyofundishwa wodini, kipimo chako na dozi yako ni wewe na daktari wako.

Shikamoo shangazi. Mdogo wangu ana miaka 24, aligundulika na ALL. Akalazwa wiki tano, kemo, kuongezewa damu, sindano za mgongo, kila kitu. Wakampima uboho wakasema kaingia remisheni, tukashangilia nyumba nzima. Sasa dokta anasema bado miaka miwili na zaidi ya dawa. Yani ugonjwa hauonekani alafu anatibiwa nini? Mwenyewe anasema kachoka anataka kuacha, na kusema ukweli hata mimi sina la kumjibu. – Kaka mtu

Marahaba. Unajua siku daktari aliponiletea mimi hiyo habari nilifanya nini? Kasimama pale na karatasi yake, anatabasamu, anasema umeingia remisheni, na mimi nikamuuliza hii dripu inaisha saa ngapi manake nataka kulalia ubavu wa pili. Ndo jibu langu hilo. Furaha ilikuja siku tatu baadae, na nyuma yake kabisa likaja swali lako, nikamuuliza kwa ukali hata, sasa kama haupo mnaniwekea sumu ya nini?

Akavuta kiti. Akaniambia remisheni ni neno la kile wanachokiona. Wanachukua uboho, ile ya ndani ya mfupa inakotengenezwa damu, wanauweka chini ya darubini, wanahesabu. Wakikuta zile chembe changa mbovu, blasti, hazifiki 5%, na damu imeanza kujitengeneza yenyewe, chembe nyeupe za kupigana na maambukizi zimepanda, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimevuka 100,000, huhitaji tena kuongezewa damu, basi wanaiita remisheni kamili. Ni habari kubwa sana, na mlikuwa na haki ya kushangilia. Ila angalia wamehesabu ngapi, chembe mia kadhaa tu za kwenye ule uboho waliouvuta. Ni kama mhariri wangu asome ukurasa mmoja asikute kosa alafu atangaze jarida zima halina kosa (na nyie wasomaji wangu mnajua).

Sasa piga hesabu. Siku mtu anagundulika, mwilini kunaweza kuwa na chembe za kansa zinazokaribia trilioni moja. Kemo ya kwanza ikiua 99 katika kila 100, ambayo ni kazi nzuri mno, bado zinabaki bilioni 10. Bilioni 10, kaka, na darubini inasema pako safi, na mdogo wako anajisikia vizuri anataka kwenda zake. Hizo ndo zinazotibiwa hiyo miaka miwili.

Na hili sio la kubuni, lilishatokea kwa uchungu. Mwisho wa 1947 daktari mmoja wa watoto kule Boston, Sidney Farber, alianza kuwapa watoto wenye lukemia dawa inaitwa aminopterini. Kabla ya hapo hamna kitu kilichokuwa kinawasaidia, walikuwa wanakufa ndani ya wiki au miezi. Mwaka 1948 akatangaza kwamba katika watoto 16 aliowapa, 10 walipata nafuu, damu ikarudi, wengine wakaamka wakacheza. Remisheni. Alafu ugonjwa ukarudi, baada ya miezi michache tu, na wakafa. Madaktari walitumia miaka mingi iliyofuata kujifunza kuchanganya dawa kadhaa kwa pamoja na kutosimama remisheni inapofika, na leo watoto wenye ALL wanaopata tiba kamili wanapona karibu 9 katika kila 10. Dawa yenyewe ya kwanza ilitangulia zamani. Kilichokosekana kilikuwa ni kuendelea.

Zile sindano za mgongo nazo, mdogo wako lazima kazichukia, mi nilizichukia. Dawa nyingi za kwenye mshipa hazipenyi vizuri kuingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, chembe mbovu zinajificha huko, kwa hiyo wanaifikisha dawa kule kule hata kama hamna dalili yoyote kichwani. Baada ya sindano wodini kwetu walikuwa wanatulaza chali kwa muda na kutunywesha maji mengi, kichwa kikiuma zaidi akikaa au kusimama, awaambie.

Muulizeni daktari kitu kimoja: je amepimwa mabaki? Kuna kipimo kikali kuliko darubini, kinaweza kuona chembe moja mbovu katikati ya 10,000 nzima au hata zaidi, na majibu yake yanawasaidia kuamua kama kemo inatosha au kuna haja ya kufikiria kupandikizwa uboho. Mtu akijua namba yake anajua anapigana na nini.

Hiyo miaka inayokuja haitafanana na zile wiki tano, usimwache akaiwaza hivo. Kuna miezi kadhaa bado mikali, ya kurudia rudia kemo, alafu inakuja sehemu ndefu ya vidonge nyumbani, mara nyingi mekaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa WIKI. Naandika wiki kwa herufi kubwa kwa makusudi, manake kuna watu wameimeza kila siku kwa kukosea na imewaharibu vibaya, mdomo unachubuka wote, damu inaporomoka. Chagueni siku moja, ibandikeni ukutani. Na vile vya kila siku asivichukulie poa kwa sababu ni vidonge, watafiti waliofuatilia watoto waliofikia hatua hiyo waligundua wale waliomeza chini ya 95% ya dozi zao ugonjwa uliwarudia zaidi. 95% maana yake ukiruka siku mbili tu kwa mwezi ushavuka mstari.

Sasa kuhusu kuchoka kwake. Mwacheni achoke. Usimwambie jikaze, kashajikaza. Muulize ni kitu gani hasa kinamshinda, manake "nimechoka" ndani yake kuna vitu. Mi kilichonishinda kilikuwa vidole. Kuna dawa inaitwa vinkristini, inafanya neva za mikono na miguu zife ganzi, na nakumbuka asubuhi moja nimekaa ukingoni mwa kitanda nafunga blauzi, kifungo cha tatu kutoka juu, nakiona kwa macho, vidole vimekishika, ila vidole haviniambii kwamba vimekishika. Dakika kumi. Nikalia kwa sababu ya kifungo, mimi niliyekuwa sijalia nilipoambiwa nina kansa. Nikadhani ni uzembe wangu, sikumwambia mtu, mpaka nesi aliponiona navaa viatu kwa kuangalia miguu ndo akaniuliza. Walipunguza dozi. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote! Kwa hiyo kabla mdogo wako hajasema naacha, aseme kwanza hiki kinanishinda, kwa jina, kwa daktari. Vingi vina namna.

Habari shangazi. Mke wangu yuko kwenye kemo, mzunguko wa pili. Usiku wa jumamosi kapata homa 38.4, nikampa parasetamoli ikashuka, tukaamua tusubiri asubuhi tusiwasumbue watu. Asubuhi tulipofika nesi kanigombeza mbele za watu kama mtoto. Sasa yuko wodini anaendelea vizuri ila mi bado nina hasira, na pia naogopa. Nilikosea nini hasa? – Mume wake

Nzuri baba, pole. Nesi angeweza kukuita pembeni, hilo nakubali. Ila alichokuwa anakiogopa ni cha kweli na bora nikueleze vizuri kuliko alivyokueleza yeye.

Kemo haichagui, inaua chembe mbovu na inaua na nzima zinazozaliwa haraka, ikiwemo askari wenu wa kwanza, zile chembe nyeupe zinaitwa nyutrofili. Kawaida zinafika chini kabisa kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi, kwa lukemia zinaweza kukaa chini muda mrefu zaidi. Zikiwa chini ya 500 mwili hauna wa kumtuma. Sa mtu mwenye afya ya kawaida akiingiliwa na bakteria anapata usaha, uvimbe, kikohozi cha makohozi, unaona kabisa kuna vita. Yeye hana hao askari wa kutengeneza huo usaha, kwa hiyo dalili pekee inaweza kuwa ni homa basi, na kutoka kwenye homa mpaka presha kushuka na mtu kupoteza fahamu inaweza kuwa ni masaa machache. Ndo maana hospitali nyingi zinajiwekea lengo la kumwanzishia antibayotiki za mshipani ndani ya saa moja tangu afike. Saa moja, hata majibu ya maabara hayajatoka.

Na parasetamoli ulimpa kwa upendo ila ilifuta ile dalili pekee mliyokuwa nayo. Homa ilishuka, maambukizi yalikuwa pale pale. Kuanzia sasa, pima kwanza, 38 au zaidi piga simu muda huo huo kabla ya kumpa chochote, iwe saa nane usiku iwe sikukuu. Namba ya wodi andikeni mahali mnapopaona gizani. Na akianza kutetemeka kwa baridi, hasa baada ya mpira wake wa dawa kusafishwa, nendeni hata kama themomita inasema 37, na kama yuko kwenye dawa za steroidi, kama prednisoloni, ndo kabisa msiitegemee themomita peke yake, zinaweza kuficha homa. Msipimie njia ya haja kubwa wala kumpa dawa za kuweka huko, mchubuko mdogo unafungua mlango.

Umeniuliza mwisho wa barua (nimelikata kwa nafasi) kama kulala naye kitanda kimoja kuna madhara. Hamna. Lukemia haiambukizi, mkumbatie. Ni hizi tu: siku mbili hivi baada ya kila kemo dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi, matapishi, kwa hiyo vaa glovu ukisafisha, choo kipigwe maji mara mbili, na mkikutana kimwili tumieni kondomu. Mimba isiingie kipindi hiki chote, dawa hizi zinaharibu mtoto. Wewe ndo ukae mbali naye siku ukiwa na mafua. Na mikono kunawa, mpaka ikukere.

Hasira kwa nesi itaisha. Mwenzio nilimchukia mmoja miezi miwili, siku hizi natumiwa picha za wanae.

Mambo anti, mi nina 19, wananipa prednisoloni kwenye tiba ya ALL. Usiku silali, nakula kama sijawahi kuona chakula, uso umekua kama mpira na jana nimemtukana mama yangu kitu ambacho sijawahi. Ni mimi au ni dawa? – Mpira

Poa mwanangu. Ni dawa, ila msamaha kwa mama unaomba wewe.

Steroidi zinaua chembe za ALL vizuri mno ndo maana wanakupa nyingi, na zinakuja na hayo yote, njaa, kukosa usingizi, uso wa duara, hasira au kilio bila sababu, sukari kupanda. Waulize kama unaweza kuzimeza asubuhi na mchana mapema badala ya usiku, na kila mara na chakula tumboni. Ukiona unakojoa sana na kiu haikatiki waambie wapime sukari. Usiache ghafla mwenyewe hata siku moja, mwili ushazoea kuletewa, ukikatiwa unaweza kuanguka. Uso unarudi. Wangu ulirudi taratibu sana, miezi, nikaja kushtuka siku moja mfupa wa shavu upo.

Na kabla hujamkosea mama tena mwambie, "mama leo ni siku ya dawa," mtakuja kucheka.

Shangazi shikamoo. Nilimaliza dawa zote miezi minane iliyopita, AML, nayo lukemia ya haraka ila aina nyingine, vipimo vyote safi. Kila mtu anasema ushapona, mshukuru Mungu, rudi maisha yako. Mimi nachoka nikipanda ngazi, nasahau majina ya watu, na wiki ya kwenda kliniki silali kabisa. Kuna siku namiss wodi, anti, hivi mi nina akili kweli? Aibu kumwambia mtu. – Niliyepona

Marahaba mwanangu, na hiyo ya kumiss wodi ndo iliyofanya niweke barua yako hapa.

Wodini ulikuwa na mtu anayekuangalia kila baada ya masaa manne. Anapima presha, anapima homa, anauliza umekojoa ngapi, na asubuhi damu inachukuliwa na mchana unaambiwa namba. Hukuwa na kazi ya kuwaza, kuna watu wameajiriwa kuwaza kwa niaba yako. Alafu siku moja wanakwambia nenda nyumbani tuonane baada ya mwezi, na unabaki wewe na mwili wako tu, mwili ambao ulishakuficha siri mara ya kwanza. Nani asingemiss?

Mi nilikuwa naingia bafuni na tochi ya simu nachunguza miguu. Kabla sijagundulika nilikuwa na vidoa vidogo vyekundu kwenye miundi, kama vimechomwa na ncha ya sindano, ukibonyeza havipotei, ni damu inavuja chini ya ngozi kwa sababu chembe sahani zimeisha. Nilivipuuza wiki tatu. Kwa hiyo baada ya kupona nikawa navitafuta kila usiku, nabonyeza, naangalia. Usiku mmoja nikavikuta! Nikamwamsha mwenzangu, tukakimbia, damu ikapimwa, chembe sahani 210,000, safi kabisa. Vilikuwa vipele vya joto. Daktari kijana hakucheka, nitamkumbuka kwa hilo.

Kilichonisaidia ni kwamba daktari wangu alinipa orodha ya mambo ya kupiga simu siku hiyo hiyo: homa isiyo na maelezo, fizi au pua kutoa damu, michubuko bila kugongwa, tezi kuvimba, uchovu unaozidi wiki hadi wiki badala ya kupungua. Kitu kikiwa nje ya hiyo orodha, nakiandika nakipeleka kliniki siku yangu. Sio kwamba hofu iliisha, ila ilipata mahali pa kukaa.

Na hofu yako ina msingi, sitakudanganya. AML ikirudi mara nyingi inarudi ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, ndo maana wanakuita mara kwa mara sasa hivi. Kila mwaka unaopita uwezekano unapungua, na madaktari wengi wakiona umefika kama miaka mitano wanaanza kulitumia lile neno kupona bila kung'ata ulimi. Wewe ndugu zako wamelitumia mapema kidogo, wana furaha, wasamehe. Ukichoka kuwajibu sema hivi: ugonjwa hauonekani, ila mwili bado unajijenga. Wengi wanaelewa.

Uchovu wa ngazi na kusahau majina ni vya kweli, havipo kichwani mwako tu. Vinaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kitu cha ajabu ni kwamba kulala sana hakusaidii sana, kutembea ndo kunasaidia, anza na dakika tano, siku mbaya fanya tatu. Ila kwanza wapime mambo yenye tiba, wingi wa damu, tezi ya shingoni, na moyo. Moyo usiusahau, ile dawa nyekundu ya kwenye AML, daunorubisini na ndugu zake, ile iliyokufanya ukojoe rangi ya machungwa ukadhani unatoka damu, inaweza kuuchosha moyo hata miaka baadae, so ukianza kuhema ukiwa umelala au miguu kuvimba jioni usiseme ni uchovu wa kemo.

Chanjo za zamani nyingine kinga yake inapotea, uliza upi ni wakati wa kurudia, zile za vijidudu hai usichome mpaka daktari aruhusu. Na kama hedhi haijarudi au una mpango wa mtoto, uliza sasa, usisubiri waulize wao, kwa kuwa mi hawakuniuliza kabla ya kemo na lingekuwa jambo la kuongelea kabla. Hilo bado linanikaa kooni. Msomaji yeyote ambaye hajaanza dawa na anataka watoto baadae, uliza leo kuhusu kuhifadhi mbegu au mayai, kwa wanaume ni jambo la siku moja tu. Kuna aina za lukemia haziwezi kusubiri hata hiyo siku, ila swali liulizwe.

Kuhusu akili yako, unayo. Ukiona husinzii wiki nyingi mfululizo au huoni sababu ya kuamka, mwambie daktari yule yule wa damu, kliniki nyingi za kansa zina mtu wa kuongea naye na hamna anayewaambia wagonjwa.

Shangazi, dawa za hospitali ni kemikali, mbona hamuwaambii watu watumie za asili? – Mpenda asili

Nawaambia sasa hivi. Ile vinkristini iliyonikosesha kifungo imetoka kwenye ua, mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi ambao watu wameupanda kwenye bustani dunia nzima, na imekuwa ikitumika hospitali tangu 1963. Kuna lukemia nyingine, APL, iliyokuwa inaua watu kwa kuvuja damu ndani ya siku chache, leo inatibiwa kwa ndugu wa vitamini A pamoja na arseniki, ndio, arseniki ile sumu ya kale, na wanaopona ni zaidi ya 9 katika 10 wakiwahi. Kwa hiyo asili iko ndani ya dripu, tofauti ni kwamba mtu kaipima kwa miligramu.

Ukichemsha mmea nyumbani hujui umekunywa kiasi gani, na ini la mtu wa kemo lishabebeshwa mzigo. Kuna mitishamba inafanya dawa ipite mwilini haraka kabla haijafanya kazi, mingine inazidisha sumu yake. Wodini kwetu mama mmoja vipimo vya ini vilipanda ghafla wakasimamisha kemo wiki tatu, mpaka dada yake alipotoa chupa kwenye mkoba. Kama mtu anatumia, sitamgombeza, amwonyeshe daktari hiyo chupa.

Anti, nina ile ya polepole, CML, nameza imatinibu mwaka wa sita, vipimo vizuri. Nimesikia kuna watu wanaacha kabisa. Kweli? – Wa vidonge

Kweli, na tofauti na mdogo wake kaka mtu hapo juu, kwako hilo swali lina jibu zuri. CML inaendeshwa na kosa moja, kipande cha kromosomu 9 na cha 22 vimebadilishana nafasi, na hiyo dawa ya mwaka 2001 inafunga swichi hiyo hiyo. Waliokaa kwenye majibu ya chini sana, yani chembe hazionekani au ni chache mno hata kwa kipimo cha jeni, kwa miaka kadhaa mfululizo, baadhi wanaruhusiwa kujaribu kuacha. Karibu nusu ugonjwa unachungulia tena, wengi ndani ya miezi sita ya mwanzo, wakirudishiwa dawa karibu wote wanarudi sawa. Sharti ni kupimwa kila mwezi huo mwanzo. Kama maabara yenu haiwezi kupima kila mwezi, endelea kumeza. Na usishangae mifupa na viungo vikiuma wiki za kwanza baada ya kuacha, ipo hiyo.

Shangazi, kesho kutwa mwanangu mkubwa anapimwa uboho mara ya kwanza. Inauma? – Mama

Inauma kidogo, kwa muda mfupi, na ya kushangaza zaidi kuliko kuuma. Analala ubavu au kifudifudi, wanamchoma ganzi nyuma ya nyonga, hapo panawaka moto sekunde chache. Aombe wasubiri ganzi ikolee, dakika kadhaa, wengine wana haraka. Alafu atasikia wanasukuma kwa nguvu, hiyo haiumi, ni uzito tu. Pale wanapovuta ule majimaji ndo kuna mvuto mmoja unashuka mpaka mguuni, kama kuna mtu ndani kavuta kamba, mi nilikuwa nahesabu na sijawahi kufika 10 kabla haujaisha. Akitaka dawa ya kumtuliza aseme kabla ya kulala kitandani. Baada ya hapo alalie hapo mahali kwa muda damu ikauke, bandeji ikae kavu siku nzima asioge, na wewe mama beba suruali pana, ile ya kubana ataichukia njiani.